Wakili Wangu Ananitoza Hata Nikilia

Mpendwa mshauri, shikamoo. Nakuandikia mchana huu nikiwa nimejifungia chumba cha kushonea, kwa sababu nikilizungumza tena jambo hili mbele ya watoto watanikimbia, na naomba unisome hadi mwisho hata nikirefusha, maana wewe angalau husomi kwa kuhesabu dakika.

Mimi ni fundi wa mapazia, nimeolewa miaka kumi na tisa na fundi wa majokofu, tuna watoto watatu. Mwaka jana mume wangu alihamia kwa mwanamke mwingine, hilo sitalimalizia wino, nimeshalia nimemaliza, lakini mwezi wa kwanza akafungua kesi ya talaka, na kwenye karatasi zake akaandika kwamba nyumba yote ni yake, kiwanja alipewa na baba yake, na mimi ni mtu wa kuondoka na nguo zangu na vyerehani vyangu. Sasa mshauri, kile chumba cha mbele chenye madirisha mawili ya kutazama barabara nilikijenga mimi, miaka minane iliyopita, kwa pesa ya mapazia ya bweni la chuo, tofali kwa tofali, na wateja wote wananijua kwa chumba hicho, meza ya kukatia imo humo, vitambaa vimo humo, nikitolewa pale kazi imekwisha, na karo ya watoto inatoka kwenye kazi hiyo.

Basi mteja wangu mmoja akanielekeza kwa wakili, kijana mpole mwenye miwani, ofisi yake iko ghorofa ya pili juu ya duka la rangi. Siku ya kwanza alinisikiliza saa nzima, akanipa hata maji ya kunywa, akaniambia, mama, ukiwa na lolote nipigie. Mshauri, mimi nikaamini, nikampigia. Wifi yangu mkubwa akinitumia meseji za sauti za kunitukana, kwamba mimi ni kupe niliyeng'ang'ania mgongo wa kaka yake, nilimpigia wakili nikamsimulia, kisha nikamtumia na sauti zenyewe azisikie kwa masikio yake, zilifika arobaini na tatu. Mume wangu alipokuja na mchukuzi kuchukua kabati la vyombo, lile lenye mlango mmoja uliolegea, nilimpigia, nikamwambia aandike barua lirudishwe, na kweli akaandika. Siku nyingine nilikuwa nimepungukiwa nguvu tu, nikampigia nikalia, akasema pole mama, pole, nikaona huyu ni binadamu.

Juma lililopita ikaja bili. Niliisoma nimesimama nikalazimika kukaa. Simu, dakika tisa. Simu, dakika kumi na moja. Kusikiliza meseji za sauti, saa mbili na nusu. Barua kuhusu kabati. Jumla yake ni mapazia ya nyumba tatu, nyumba kubwa, pamoja na kazi ya kutundika. Na simu niliyolia nayo imo, dakika kumi na nne, wameiandika "mashauriano". Yaani machozi yangu ni mashauriano.

Nikaenda ofisini bila hata kuvua aproni. Karani wake, mama wa makamo anayevaa miwani kwenye kamba, akaniambia taratibu kwamba kila ninapopiga, saa inaanza kuhesabu. Nikamuuliza, "Kwani mimi nilipanda teksi?" Watu kwenye benchi wakacheka, lakini mimi sikuwa na kicheko. Wakili mwenyewe akatoka, na badala ya kuona haya akaniambia, "Mama, tangu mwezi wa pili nimekuomba nyaraka za kile chumba. Umeniletea sauti za wifi." Nikamjibu kwamba nyaraka sina, ningekuwa na hati yenye muhuri ningemtafuta yeye wa nini? Nikateremka ngazi.

Mimi kwenye kazi yangu sina longolongo. Mteja akija kuagiza pazia bila kipimo cha dirisha namrudisha kwake akapime, na akibadili rangi nikishakata, kitambaa ni chake na analipa, lakini hayo nayasema siku ya kwanza, yamebandikwa hata ukutani. Huyu hakunibandikia kitu.

Dada yangu anasema nimfukuze leo hii, kuna mzee nje ya mahakama anaandika barua za kesi kwa bei ya chakula cha mchana. Na sasa mume wangu ametuma ujumbe kupitia mdogo wake, ambaye nikiri hatujawahi kukosana, kwamba tuachane na mawakili wanaotunyonya wote wawili, nisaini karatasi moja, atanipa vyerehani vyote na pesa ya kuhamia, na miezi miwili ya kutafuta chumba kingine. Shemeji akaongeza kwamba Jumamosi atapita na hiyo karatasi, na pia achukue picha za harusi na makaratasi ya zamani kama siyahitaji, eti kaka yake anataka kumbukumbu. Nimeshamwekea kila kitu kwenye mfuko mweusi wa takataka nyuma ya mlango, picha, kadi, na hata daftari langu la vipimo la mwaka ule wa ujenzi, maana sitaki kuuona mwandiko wa mume wangu humu ndani, yeye ndiye alikuwa akiniandikia malipo ya mwashi kila Jumamosi kwa kuwa mimi mikono ilikuwa imejaa chaki, anaandika pesa ya mapazia imelipa tofali kadhaa, anasaini, mwashi anaweka dole gumba, tunacheka. Vichekesho vya zamani. Waende navyo.

Na kwa kuwa nimeanza kuungama nimalizie, suti zake mbili alizoziacha nilizikata mikono kwa mkasi wa kazi, hilo sijamwambia wakili wala mtu.

Kesi inasikilizwa baada ya siku kumi na saba. Niambie, nimfukuze huyu mnyonyaji nisaini yaishe, au niende kwa yule mzee wa nje? Nimechoka kulipia pumzi yangu.

Fundi wa Mapazia

*

Fundi, mwanangu, marahaba.

Wasomaji wajue kwanza kwamba barua hii haikungoja zamu. Ilinifikia Jumatano, nikaisoma hadi kwenye ule mfuko mweusi, nikaiacha chai yangu ipoe, nikakupigia kwa namba uliyoandika chini. Nilikuomba kitu kimoja tu: litoe hilo daftari kwenye mfuko kabla hujakata simu. Sasa liko mahali salama, umeniruhusu nikujibu hadharani, na mambo mawili matatu nimeyabadili usijulikane. Kwa hiyo tulia kwenye kiti. Leo nina hasira, nimeigawa mafungu matatu, na fungu moja ni lako.

La kwanza ni la wakili. Nilikaa masjala ya mahakama miaka ishirini na sita nikipokea majalada, na wateja wanaolia ngazini nimewaona wengi kuliko wanaolia mbele ya hakimu. Karibu wote walikuwa na kilio kimoja: hakuniambia. Mtu anayeuza muda wake ana haki ya kulipwa, sikatai. Lakini kumwambia mwanamke aliyeachwa juzi "ukiwa na lolote nipigie", bila kumweleza kwamba hilo "lolote" lina bei kwa dakika, huo si upole. Siku ya kwanza kabisa alipaswa kukupa karatasi inayosema anatoza kwa saa, au kwa hatua, au kwa kesi nzima. Kazi gani imo na ipi haimo. Na pesa ya awali ikikaribia kwisha atakujulisha vipi. Na alipoona meseji ya tano ya wifi yako inaingia, ilimpasa akuzuie. Kuna ugumu gani wa kusema, "Mama, hizi hazisaidii kesi, usinitumie tena"? Akazisikiliza arobaini na tatu. Saa mbili na nusu za matusi, kisha akatuma ankara. Hapo, mwanangu, umeonewa, na usiogope kusema.

Lakini usiseme kwenye benchi mbele za watu ukiwa na aproni. Omba miadi, uulize kabla kama miadi hiyo inatozwa, uende na ankara ile mkononi na kalamu. Pitieni mstari kwa mstari. Kwenye saa zile mbili na nusu na kwenye ile simu ya machozi, mwambie kwa sauti ya chini kwamba hukuwahi kuambiwa, na unaomba azipunguze. Kisha mwombe akuandikie gharama ya kuanzia leo hadi siku ya kusikilizwa, kwa kazi ya chumba cha mbele peke yake, kiwango ambacho hatakivuka bila idhini yako, nawe ulipe kidogo kidogo kwa tarehe mtakazokubaliana. Wengi hukubali. Wakili anajua vizuri kuliko wewe kwamba mteja anayelipa polepole ni bora kuliko anayetoweka. Akikataa hata kueleza, kila mahali kuna chombo kinachopokea malalamiko juu ya mawakili, na karani yeyote wa mahakama atakuelekeza kilipo.

Sasa fungu lako.

Umeniandikia kwa fahari kwamba mteja akija bila kipimo cha dirisha unamrudisha kwake. Vizuri sana. Hebu mfikirie mteja anayekuja kila siku ya Mungu kukusimulia jinsi jirani anavyomcheka kwa madirisha yake yaliyo wazi. Analia, unampa pole, anarudi kesho na jirani mwingine. Kipimo hana. Baada ya miezi minne anakuuliza mbona hujanishonea. Utamjibuje? Ndivyo ulivyokwenda kwa wakili. Chumba ulichokuwa unakipigania hukukitaja hata mara moja kwenye hizo simu, nimekuuliza ukakiri mwenyewe.

Halafu hilo kabati. Nilikuuliza kwenye simu lina thamani gani, ukasema hata bure usingempa mtu bila kuona haya. Barua ya kulidai imekugharimu zaidi ya kabati jipya lenye milango yote. Nakuelewa, hukuwa unapigania mbao. Ulitaka asikuchukulie kitu mbele ya macho yako. Lakini wakili ni msumeno wa gharama, hukatii mboga kwa msumeno. Keti uandike vitu vyote mnavyogombea, na mbele ya kila kimoja uandike kama ungekinunua tena kwa bei ya barua moja ya wakili. Vingi vitafutika vyenyewe. Vitakavyobaki, hivyo ndivyo kesi yako.

Wakili alikuomba nyaraka, wewe ukadhani anataka hati yenye muhuri, ukaona haya kuuliza, ukanyamaza miezi minne huku ukimlipa. Ewe fundi! Neno usilolielewa kwa wakili liulize palepale, hata mara tatu. Swali la sekunde kumi ndilo rahisi kuliko yote utakayomuuliza. Nyaraka ni chochote kinachoonyesha nini kilitokea, lini, na nani alilipa. Oda ya mapazia ya bweni ni nyaraka. Picha ya msingi ukiwa umechimbwa ni nyaraka. Ujumbe wa simu wa malipo ni nyaraka. Mwashi mwenyewe, kama yu hai na anakumbuka, ni shahidi. Na daftari lenye mwandiko wa mume, sahihi ya mume, na dole gumba la mwashi, Jumamosi baada ya Jumamosi, likisema pesa imetoka kwenye mapazia yako, hilo ulilifunga kwenye mfuko wa takataka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wewe daftari unalo, ukataka liondoke kwa hiari yako.

Sikuahidi ushindi. Hakimu ndiye atakayepima uzito wake, na sheria za mali ya ndoa hutofautiana. Wakili anayekuahidi ushindi kabla ya kusikilizwa, huyo ndiye wa kumkimbia. Lakini Ijumaa ulilipeleka ofisini kama tulivyokubaliana, na umenieleza yaliyotokea. Alisoma kurasa sita. Kisha akavua miwani akasema, "Mama, hiki ndicho nilichokuomba." Mkutano mzima ulichukua muda mfupi kuliko ile simu ya machozi, na karani akapiga nakala. Umeona tofauti kati ya kumlipa mtu akusikilize na kumlipa akufanyie kazi?

Kuanzia sasa utafanya hivi. Yakusanye kimya kimya yote yanayokujia katika wiki, uyaandike kwenye karatasi, na Jumatatu uyapeleke kwa mkupuo mmoja, la muhimu likiwa juu. Kesi ni tarehe ngapi, nakala imefika, kiapo nisaini wapi: hayo muulize karani, ndiye anayejua kuliko bosi wake. Historia ya ndoa yako iandike ukurasa mmoja, tarehe upande huu, tukio upande ule, bila matusi. Nakala zako zipange kwa mwaka, kama unavyopanga vitambaa kwa rangi, maana ukimpelekea rundo, atalipanga yeye na wewe utalipia mpangilio. Wifi yako mpelekee dada yako. Dada ana masikio ya bure na hasira ya kutosha, na kumlilia ndiyo kazi inayomfaa kuliko kukushauri juu ya mawakili. Meseji zenyewe usizifute, ziweke tu.

Na zile suti mbili, mwambie wakili mwenyewe, wiki hii, kwa sentensi moja. Mficha uchi hazai. Jambo baya analolijua mapema analiandalia jibu. Analolisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa wakili wa upande wa pili linamwacha mdomo wazi mbele ya hakimu, na huo mdomo ni wewe unayeulipia. Nilicheka nilipolisoma, nakiri. Usirudie.

Kumfukuza, hapana, si sasa. Imebaki wiki moja kamili. Wakili mpya atalifungua jalada ukurasa wa kwanza na kukutoza ukurasa wa kwanza. Na yule mzee wa nje ya mahakama namheshimu, wengine wana mwandiko mzuri na busara, lakini barua yake haitasimama kukutetea utakapoulizwa swali la kukutega. Rahisi hugeuka ghali. Ikibidi umbadili huyu kijana, iwe baada ya kusikilizwa, kwa utulivu, ukiwa umechukua jalada lako lote.

Limebaki fungu la tatu, na hili nimelibania makusudi.

Mwanamume anayeishi kwa mwanamke mwingine anakutumia mdogo wake, yule ambaye hamjawahi kukosana, siku kumi na mbili kabla ya kusikilizwa, na karatasi ya kusaini. Anakwambia mawakili wanawanyonya wote wawili. Maneno matamu, na nusu yake ni kweli, ndiyo maana ni ya hatari. Mapatano si dhambi. Nimeona talaka zilizomalizwa mezani kwa siku moja, watu wakatoka na akiba yao na heshima yao, na kama mume wako anataka kupatana kweli, aandike anachotoa, wakili wako akisome, mjibu. Hiyo ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote. Lakini karatasi inayoletwa mlangoni na shemeji, isainiwe hapohapo, na inayotaja vyerehani ambavyo tayari ni vyako na kunyamaza juu ya chumba, hiyo si mapatano. Ni kukutoa nje kwa adabu. Na huyo bwana anayetaka "kumbukumbu", tangu lini mtu aliyekuacha akatamani kukumbuka vipimo vya mapazia ya watu?

Wasomaji, nilimwomba fundi asimkimbie shemeji. Jumamosi alikuja, akakaribishwa, akapewa kiti na maji. Fundi akamwambia karatasi ipelekwe juu ya duka la rangi. Kisha akampa mfuko mweusi, wenye picha zote za harusi na kila kadi. Shemeji akaufungua palepale sebuleni, akazisukuma picha pembeni kwa mkono, akapekua hadi chini, akainua kichwa akauliza, "Na lile daftari, shemeji? La jalada jekundu?"

Fundi hakuwa amemwambia shemeji kuna daftari, achilia mbali rangi yake.

Akamjibu kwamba liko kwa wakili. Shemeji akanywa maji yake, akaaga. Mfuko wa picha aliuacha mlangoni.

Mwanangu, najua ulipofunga mlango mkono wako ulikwenda kwenye simu umpigie wakili umsimulie. Usipige. Chukua karatasi, andika tarehe, saa, aliyekuja na maneno aliyosema vilevile alivyoyasema, usiongeze chumvi. Jumatatu mpe karani.